Barua ya Wito na Ujumbe 11 wa Simu

Barua ililetwa na mgambo wa kata asubuhi ya Jumanne, mwezi wa saba, siku ambazo baridi ya Mbeya humfanya mtu asitake hata kutoa mkono nje ya kitenge. Ilikuwa na mistari minne na muhuri. Nilitakiwa kufika ofisi ya mtendaji wa kata siku ya Alhamisi saa tatu asubuhi bila kukosa, nikaeleze kwa nini nimemwachisha masomo kwa makusudi mtoto wangu wa miaka 9, na mstari wa mwisho ulinionya kwamba nisipofika hatua za kisheria zitachukuliwa dhidi yangu. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, mgambo akingoja nitie sahihi kwenye daftari lake, na nakiri kwamba kilichoniuma zaidi ni yale maneno mawili, "kwa makusudi", kwa sababu aliyeyaandika hakuwahi kufika nyumbani kwangu hata siku moja.

Mwanangu ana usonji, na tangu akiwa na miaka 4 ana kifafa pia. Alipofikisha miaka 7 nilimwandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyo karibu na kwetu, ambayo sitaitaja, maana baadhi ya walimu wake ni majirani zangu na sina nia ya kuwaaibisha. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 100 na mwalimu mmoja. Kelele zilipozidi mwanangu aliziba masikio na kukimbilia nje, na mara mbili alianguka kifafa uwanjani wakati wenzake wamesimama mstarini. Mwalimu mkuu akaniita ofisini, akanikaribisha vizuri, akaniambia kwa upole kabisa: "Mama, mpumzishe kwanza nyumbani. Akitulia utamrudisha." Sikupewa barua. Wala sikuiomba, kwa sababu mtu anapozungumza nawe kwa upole namna ile, kumwambia akuandikie unaona kama ni kumvunjia heshima.

Kosa langu lilianzia hapo, na nimeona wazazi wengi wa watoto wenye mahitaji maalumu wakilirudia. Katika daftari la mahudhurio, mtoto aliyepumzishwa kwa neno la mdomo huonekana sawasawa na mtoto aliyekwenda kuchunga ng'ombe Usangu: hayupo. Siku zikajumlishwa zikawa miezi, jina likaingia kwenye orodha ya watoro, orodha ikafika kwa afisa elimu kata, kisha kwa mtendaji, na mtendaji, ambaye naye huulizwa na walio juu yake habari za utoro katika kata yake, akaandika barua. Katika mlolongo wote huo hakuna mtu hata mmoja aliyesema uongo, na kwa sababu hiyo mzazi anashindwa kujua aanze kubishana na nani.

Jioni ile dada yangu alinipeleka kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye ni msaidizi wa kisheria katika kata ya jirani. Nilikuwa nikidhani kwamba msaada wa kisheria maana yake ni wakili aliyevaa suti, anayelipwa pesa ambazo sina. Sikujua kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017, inawatambua wasaidizi wa kisheria waliopata mafunzo, ambao huwaelimisha watu kuhusu haki zao, huwasaidia kuandaa nyaraka na kuwaelekeza kwenye chombo kinachohusika, bila malipo. Hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Hiyo ni kazi ya wakili. Lakini mambo mengi ya aina hii huanzia, na yakishughulikiwa vizuri huishia, katika ofisi ya kata, mahali ambapo wakili haonekani mara nyingi.

"Shikamoo mama," nilimwamkia, na machozi yalikuwa tayari.

"Marahaba mwanangu. Keti, unipe hiyo barua kwanza. Kulia utalia baadaye."

Aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kilichoandikwa, kisha akaniuliza nani aliniambia nimpumzishe mtoto, aliniambia lini, na aliniandikia wapi. Swali la kwanza nililijibu, la pili nililibahatisha, la tatu likanishinda. Akanipa maagizo ambayo nayaeleza hapa kama alivyoyasema. Wito usiukwepe, kwa kuwa kutofika kutasomwa kama kukiri. Usiende mikono mitupu. Na karatasi yoyote utakayopewa mle ndani, usiitie sahihi mpaka uisome yote, na ukiisoma ukaona inakusema vibaya, uombe muda uondoke nayo.

Baada ya hapo alinieleza sheria kwa utaratibu ambao mimi mwenyewe nimeutumia baadaye kwa wazazi wengine: kwanza inayokubana, kisha inayokulinda. Inayobana hakunificha. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu kinamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi anahudhuria bila kukatisha mpaka amalize. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inaweka elimu pamoja na chakula, malazi, mavazi na matibabu katika orodha ya mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto wake, na kifungu cha 14 kinasema kwamba anayekiuka masharti ya sehemu hiyo ya sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Nilipoisikia milioni 5 nilitaka kuinuka niondoke. Mimi nauza mboga na viazi sokoni Mwanjelwa.

Inayolinda ndiyo nilikuwa sijawahi kuisikia, ingawa ni sheria za nchi hii hii. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, katika kifungu cha 27, inampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa na wenzake ya kupata elimu katika mazingira jumuishi. Sheria ile ile ya Mtoto inayonitishia faini inakataza pia kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu wake, inasema kwamba mtoto wa namna hii anastahili uangalizi maalumu na fursa sawa ya elimu na mafunzo, na katika kifungu cha 94 inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inahusu elimu. Juu ya yote hayo ipo ibara ya 13 ya Katiba, inayotaka kwamba mtu ambaye haki na wajibu wake vinaamuliwa na mahakama au chombo kingine apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Mama yule aliyaweka kwa maneno ya kimwalimu: mzazi ana wajibu wa kupeleka, na shule ina wajibu wa kupokea; kwa hiyo kabla ya kuniuliza kwa nini sikupeleka, ni lazima kwanza iulizwe kama kulikuwa na wa kupokea.

Lakini hayo ni maneno, na ofisini maneno ya mwalimu mkuu na yangu yasingekuwa na uzito sawa. Ndipo aliponiuliza kama mwalimu wa darasa alikuwa na namba yangu ya simu.

Alikuwa nayo. Tulikaa kwenye mkeka tukafungua simu yangu ndogo, tukakuta ujumbe 11 ambao mwalimu yule, dada mwema aliyelemewa na kazi, alinitumia katika miezi ya mwisho kabla mtoto hajapumzishwa. "Mama leo usimlete, nipo peke yangu." "Mama kesho kuna wageni wa ukaguzi, abaki nyumbani." "Mama njoo umchukue, amewasumbua wenzake." Nilipokuwa nikizipokea niliziona kama hisani, maana alikuwa akiniepusha na usumbufu wa kwenda na kurudi, lakini zilipopangwa zikafuatana kwa tarehe zilionekana tofauti kabisa. Asubuhi tulikwenda steshenari, tukapiga picha kila ujumbe ukionyesha namba, siku na saa, tukachapisha, na nikaagizwa nisifute chochote kwenye simu yenyewe, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe kama huo kutumika kama ushahidi, ila lazima mtu aweze kuonyesha ulikotoka na kwamba haukuchezewa.

Tukaongeza nakala za kadi ya kliniki ya kifafa, barua ya daktari iliyotaja ugonjwa na dawa anazotumia, na daftari langu ambamo nilikuwa nikiandika kila siku aliyoanguka. Daftari hilo nililianzisha kwa ajili ya daktari, wala sikufikiria kabisa mambo ya sheria, na nadhani ndiyo sababu liliaminika.

Siku ya Alhamisi tulikuwa sita katika chumba kidogo: mtendaji, afisa elimu kata, mwalimu mkuu, afisa ustawi wa jamii aliyetoka halmashauri, yule mama, na mimi. Mtendaji alifungua kikao kwa kunipa fomu iliyokwisha kuandikwa, nijaze jina tu. Ilianza hivi: "Mimi, mzazi wa mtoto aliyetajwa hapo juu, nakiri kumzuia mtoto wangu kuhudhuria masomo na naahidi kumrudisha shuleni ifikapo siku ya Jumatatu." Kama ningekuwa peke yangu ningeitia sahihi, tena ningeshukuru, kwa kuwa niliona ndiyo njia ya kutoka mle ndani mapema nikawahi mboga zangu. Mama alinigusa goti, akasema, "Mheshimiwa mtendaji, kwa heshima yako, hilo neno 'nakiri' mzazi huyu hawezi kulitia sahihi. Kurudi shuleni tunakubali. Kukiri hapana."

Wazazi mnaosoma hapa naomba mlizingatie neno hilo kuliko vifungu vyote nilivyovitaja. Karatasi ya ahadi inayotolewa ofisini inaonekana kama njia ya amani, na mara nyingi anayeitoa ana nia ya amani kweli. Lakini mtoto akirudi Jumatatu kwenye darasa lile lile la watoto zaidi ya 100, akakimbia tena, akarudishwa tena, karatasi hiyo itabaki kwenye faili ikisema kwamba mzazi alikwisha kukiri mara moja na sasa amerudia. Tuliomba iandikwe upya.

Afisa ustawi wa jamii, kijana ambaye nilikuwa nimemwogopa kuliko wote kwa sababu ya habari za mtaani kwamba watu wa ustawi huja kuchukua watoto, alichukua zile karatasi za ujumbe akazisoma kwa sauti mmoja mmoja. Alipomaliza hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mwalimu mkuu akasema kwamba alimpumzisha mtoto kwa usalama wake mwenyewe, na mimi nilimwamini na bado namwamini. Mtoto anayeanguka kifafa mbele ya mwalimu asiyejua afanye nini anatisha. Ila kwa mara ya kwanza kilikuwa kimesemwa mbele ya watu, na mwandishi wa kikao akakiandika, kwamba aliyempumzisha si mimi.

Kuhusu hofu ya kunyang'anywa mtoto, nilielezwa siku hiyo hiyo, nami naieleza kwa kuwa ndiyo inayowafanya wazazi wengi wajifiche. Mtendaji hana mamlaka ya kumtenga mtoto na mzazi wake kwa kalamu yake. Amri ya matunzo, inayoweza kumweka mtoto chini ya uangalizi wa mtu au taasisi nyingine, hutolewa na mahakama kwa maombi ya afisa ustawi wa jamii, na Mahakama ya Watoto huendesha mambo yake faraghani, bila watu wa mtaani kujaa kusikiliza. Mzazi ana haki ya kusikilizwa huko na kuwa na wakili. Ulemavu wa mtoto peke yake, au umaskini wa mzazi peke yake, si kutelekeza.

Muhtasari wa kikao ulipoandikwa upya ulikuwa na majukumu kwa kila mmoja na tarehe zake: shule iandike kwa maandishi kilichotokea, afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri apange tathmini ya mtoto, mimi nimpeleke bila kukosa, na afisa ustawi afuatilie. Siku ya pili niliwasilisha barua yangu mwenyewe, ambayo yule mama alinisisitizia isiwe ya kujitetea bali ya kuomba: naomba mwanangu atafutiwe nafasi katika shule yenye kitengo cha elimu maalumu, na mpaka ipatikane, naomba shule yake ya sasa inieleze kwa maandishi saa na siku inazoweza kumpokea kwa usalama. Nilipeleka nakala nne, kila ofisi ikagonga muhuri wa kupokea kwenye ya kwangu. Mtu anayelaumiwa kwamba hataki mtoto asome, halafu ana karatasi yenye mihuri minne inayoonyesha kwamba anaomba mtoto asome, ni vigumu kumwandikia tena "kwa makusudi".

Sitaki ionekane kwamba kila wito ni uonevu. Katika mtaa wetu wenyewe alikuwepo binti mwenye mtindio wa ubongo ambaye majirani walijua yupo kwa kusikia sauti yake tu, mlango ukiwa umefungwa kwa nje tangu asubuhi hadi jioni, na aliyetoa taarifa alifanya jambo jema ambalo mimi mwenyewe, nasema kwa aibu, niliogopa kulifanya. Sheria inayonibana mimi ndiyo iliyomtoa binti yule. Ninacholalamikia ni kwamba orodha ya watoro haimtofautishi mama yake na mimi, na anayepaswa kuleta tofauti hiyo mezani ni mzazi mwenyewe.

Yupo pia baba mmoja wa upande wa Kilolo, Iringa, niliyekutana naye hospitalini tukisubiri dawa, ambaye mambo yake yalikwenda mbali zaidi. Yeye wito wa kwanza na wa pili hakwenda. Binti yake ni kiziwi, shule ya kijiji haikuwa na mwalimu wa lugha ya alama, na yeye aliona hakuna haja ya kueleza jambo ambalo kila mtu kijijini analijua. Alichukuliwa akapelekwa polisi, akaandika maelezo akiwa peke yake, na katika maelezo hayo akasema kwamba ni kweli alimtoa binti shule akamsaidie mama yake nyumbani, maana kwa akili yake alikuwa akieleza binti anafanya nini sasa, hakujua kwamba ameulizwa kwa nini alitoka. Wakili aliyejitolea kumsaidia baadaye alipata kazi kubwa na sentensi hiyo moja. Anayeitwa polisi aombe kwanza kuwasiliana na ndugu au wakili; hilo ni haki yake, na kuomba hivyo si kuonyesha ukorofi. Na kwa kesi ya jinai, hakimu akiona kwamba mshtakiwa hana uwezo wa kumlipa wakili na haki inahitaji awe naye, sheria ile ya 2017 inaweka utaratibu wa kupatiwa.

Wapi pa kuanzia, kwa mtu wa huku kwetu? Mimi ningeanzia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, ambako kwa kawaida wanafahamika wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayotoa huduma hiyo katika wilaya. Chama cha Wanasheria Tanganyika kina matawi Mbeya na Iringa, na mawakili wake hupokea baadhi ya kesi bila malipo. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023 chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, imekuwa ikizunguka mikoani na kuweka mabanda. Ikifika kwenu nendeni na karatasi zenu, msiende kusikiliza hotuba tu. Vyama vya watu wenye ulemavu vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, navyo vina uzoefu wa mambo ya shule kuliko mawakili wengi. Na afisa ustawi wa jamii, ambaye tunamkimbia, mara nyingi ndiye mtu pekee mle ofisini ambaye kazi yake inamtaka amwangalie mtoto kabla ya takwimu.

Tathmini ilifanyika baada ya karibu miezi mitatu, na nilipiga simu kila wiki mpaka mhusika akaijua sauti yangu. Mwanangu alihamishiwa shule yenye kitengo, upande mwingine wa jiji, ambako mwalimu wake alisomea elimu maalumu katika chuo cha ualimu cha Patandi na anajua kumlaza mtoto ubavu anapoanguka, bila kumtia kijiko mdomoni. Anakwenda siku nne kwa wiki. Nauli ya bajaji inakula faida ya viazi, na siku ambazo mvua za masika zimeharibu njia hatufiki. Elimu ni bila ada, lakini njia ya kuifikia sivyo, na suala la usafiri nimeliandikia halmashauri barua yake peke yake ambayo ina muhuri wa kupokelewa na bado haina jibu.

Kila siku asiyokwenda, naandika sababu kwenye kaunta buku na kesho yake mwalimu anatia sahihi kwamba ameiona. Mwanzoni aliniona mama msumbufu. Jumatatu iliyopita alitia sahihi ukurasa wa 37, akacheka kidogo, kisha akaniomba namba ya yule mama msaidizi wa kisheria, kwa sababu kuna mzazi mwingine darasani kwake ambaye ameletewa barua na mgambo.